Vumbi la Mvule

Kila Jumamosi, jua likianza kulegea, Sayi alivuka mto Lumemo akielekea mjini na vyombo viwili vya maziwa. Dumu la njano alilojitwisha kichwani lilikuwa la wateja. Kibuyu alichokishika mkononi kilikuwa cha Agapiti.

Kibuyu hicho hakikuwa na bei. Mama yake alilijua hilo akanyamaza, maana naye aliwahi kuwa msichana. Baba yake, Mzee Mashimba, naye alijua, lakini yeye alikuwa na sababu nyingine ya kunyamaza. Kijana anayejifunza useremala anakula vumbi kutwa, na bonde zima linajua kwamba vumbi la kifuani linatolewa na maziwa. Hata vijana wa mashine za kukoboa mpunga hawaanzi kazi bila kikombe cha maziwa. Kwa hiyo, machoni pa Mzee Mashimba, kibuyu kile kilikuwa huruma ya mwenye ng'ombe kwa mtu anayefanya kazi ngumu. Kilichokuwa ndani yake zaidi ya maziwa alikijua Sayi peke yake, na mpokeaji.

Ilikuwa mwanzo wa kiangazi, mwaka uliofuata zile mvua za Elinino. Mpunga ulikuwa umevunwa, mabua yamebaki mashambani, na upepo uliotoka milima ya Udzungwa ulikuwa mkavu na mtamu. Sayi aliwamaliza wateja wake upesi kuliko siku zote. Tangu asubuhi alikuwa na furaha isiyo na maelezo, ile furaha inayomfanya mtu aogope kidogo.

Karakana ya Mwalimu Fulgensi ilikuwa kando ya barabara ya kwenda Kiberege. Lilikuwa banda refu la mabati, lililozungukwa na magogo na marundo ya mbao zilizokuwa zikikaushwa. Vijana walijifunza hapo useremala kwa miaka mitatu, na Agapiti alikuwa katikati ya mwaka wake wa pili. Alitoka Mofu, kando ya mto, kwa watu wa mpunga na nyavu, na katika ukoo wao wote hakuna aliyewahi kushika randa kabla yake.

"Shemeji," alisema Tadei, rafiki yake Agapiti, akiwa ameketi mlangoni ananoa patasi. "Hivi vumbi linamwingia Agapiti peke yake? Sisi wengine vifua vyetu ni vya saruji?"

"Tafuta na wewe wa kukuletea," Sayi alimjibu.

"Nitafute wapi? Kwetu tunafuga kuku."

Wenzake wakacheka, na Tadei akapiga ukuta wa bati kwa kiganja, ishara yao ya kila Jumamosi. Muda mfupi baadaye Agapiti akatoka.

Sayi alikuwa amemwona hivyo mara nyingi, lakini kila mara moyo wake ulifanya kama haujawahi kumwona. Vumbi la mbao lilikuwa limemkaa kwenye kope na nyusi, likamfanya aonekane mzee kwa juu na kijana kwa chini. Alimwangalia Sayi, akatabasamu, kisha akayaondoa macho haraka. Sayi aliliona hilo. Mtu anayependwa huona hata kitu kidogo kama hicho.

Wakaenda kuketi nyuma ya banda, juu ya mbao za mvule zilizopangwa. Agapiti akakipokea kibuyu kwa mikono miwili, akanywa, akapumzika, akanywa tena, kisha akakiweka chini kikiwa na zaidi ya nusu.

"Mbona umebakiza?"

"Nitamalizia."

Sayi hakupenda. Kwao, chombo cha maziwa hakirudi na maziwa. Mama yake alimfundisha hivyo tangu utotoni, kwamba chombo kikirudi na maziwa yake, aliyekipeleka anajua amekataliwa, au ameagwa. Alikuwa amemweleza Agapiti jambo hilo siku za kwanza kabisa, na tangu hapo Agapiti hakuwahi kubakiza hata tone.

"Nikikuuliza kitu, utanijibu bila kukasirika?" Agapiti alisema.

"Inategemea kitu chenyewe."

"Ningekuwa mtu wa Mofu tu, wa mpunga na samaki, ungenipenda?"

Sayi akacheka. "Ningekupenda hata ungekuwa unauza dagaa sokoni. Ila baba ndiye asingekupenda."

Agapiti hakucheka. Aliokota kipande cha ganda la mti, akakivunja, akavivunja na vile vipande.

"Nafikiria kuacha ufundi," alisema.

Ndugu msomaji, kuna maneno ambayo mtu mwingine yeyote angeyasikia kama habari ya kazi. Kwa Sayi yalikuwa habari ya maisha yake yote, na ili uelewe kwa nini, inabidi turudi nyuma kidogo.

Mwaka uliotangulia, Agapiti na mjomba wake Theodori walikwenda nyumbani kwa Mzee Mashimba kuposa. Kijana wa watu alikuwa amejifunza salamu ya Kisukuma njia nzima, akafika jua likizama na kusema "Mwangaluka" kwa sauti kubwa. Hiyo ni salamu ya asubuhi. Nyumba nzima ilicheka, hata Mzee Mashimba, na kicheko hicho ndicho kilichowapatia viti. Lakini walipofika kwenye jambo lenyewe, mzee aliacha kucheka. Alisema hamlaumu Agapiti kwa kukosa ng'ombe, kwa kuwa watu wa mtoni hawakuzaliwa na ng'ombe. Alichotaka ni kitu kingine. Akaonyesha mahali pa kuingilia nyumba yake, palipokuwa na kipande cha bati kilichoegemezwa na gogo.

"Niletee mlango," alisema. "Wa mvule, mchwa wasiuweze. Uanze wewe, uumalize wewe, kwa mikono yako. Siku utakapousimamisha pale, utamchukua binti yangu hata bila ndama mmoja."

Watu wa ukoo walinong'ona kwamba mzee amechanganyikiwa. Hakuwa amechanganyikiwa. Alikuwa na binti mkubwa, Herieth, aliyeondoka nyumbani alfajiri moja na mwanamume aliyempenda, bila kuaga. Mwanamume huyo alikuwa mzuri wa sura na maneno, na mwepesi wa kuanza kila kitu. Herieth alirudi na watoto wawili na macho yaliyozima, na tangu siku hiyo Mzee Mashimba alimpima kila kijana kwa jambo moja tu: anamaliza?

Mlango ulikuwa umeshaanzwa. Mwalimu Fulgensi alikuwa ameukubali uwe kazi ya mafunzo ya Agapiti. Fremu ilikuwa tayari, na paneli za chini zilikuwa zimeshaingia mahali pake, laini kama kiganja cha mtoto. Sayi alikuwa amezigusa kwa mkono wake.

"Kuacha?" aliuliza sasa, polepole. "Kwa nini?"

Agapiti akaeleza. Mafundi wamejaa mjini, alisema, kila kona kuna mtu na msumeno wake. Mbao nzuri zinapatikana kwa shida. Halafu amechoka. Alipokuwa akisema hayo alikuwa akitazama miguu yake, na sauti yake ilikuwa kavu, kama ya mtu anayesoma maneno ya mwingine. Sayi alingoja afike kwenye jambo lenyewe. Hakufika.

"Umechoka," Sayi alisema.

"Ndiyo."

"Shemeji yangu naye alikuwa anachoka. Alianza cherehani, akachoka, akaacha. Akaanza kutengeneza baiskeli, akaacha. Mwisho alimwacha dada yangu."

"Sayi."

"Baba alisema. Mimi nikabisha. Nikamwambia huyu si kama yule, huyu hata kibuyu hakiachii mpaka kiwe kitupu. Kumbe na wewe ni wa kuanza tu."

Maneno yalitoka yakiwa makali kuliko alivyokusudia, na hakuweza kuyarudisha. Agapiti alisimama. Kwa muda alionekana kama atasema kitu kikubwa. Kifua chake kilipanda na kushuka haraka, kama cha mtu aliyetoka mbioni. Kisha akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Basi," alisema. "Nitamaliza."

Akarudi ndani ya banda.

Sayi alibaki ameketi. Alikuwa ameshinda, na ushindi huo ulikuwa mchungu mdomoni. Akakiokota kibuyu, akaanza kuondoka kwa kuzunguka upande wa dirisha, na hapo ndipo aliposikia kikohozi.

Alikuwa akikisikia kikohozi hicho kwa miezi. Sikuzote kilikuwa kidogo, cha mtu anayesafisha koo, na sikuzote kilikuwa kikifuatiwa na maziwa na tabasamu. Hiki hakikuwa hicho. Kilitoka mbali, kikaja kwa vipindi, na kati ya kipindi na kipindi kulikuwa na mlio mwembamba, kama upepo unaopita chini ya bati. Sayi akachungulia. Agapiti alikuwa ameinama juu ya ule mlango wa Mzee Mashimba, kitambaa kimefungwa puani, randa mkononi. Alisukuma randa mara moja, akasimama. Akasukuma tena. Kisha akaliacha randa, akashika kingo za benchi kwa mikono yote miwili, na mabega yake yakawa yanapanda juu, yanatafuta hewa. Tadei alikuja akamfungulia kitambaa bila kusema neno, kama mtu aliyekwisha kuzoea.

"Kwani hajakuambia?"

Sayi akageuka. Mwalimu Fulgensi alikuwa amesimama nyuma yake na kipimo cha mbao mkononi. Sayi akamwamkia shikamoo.

Mzee huyo alimweleza taratibu, bila kumtisha. Alisema walikwenda pamoja hospitali baada ya Agapiti kuanguka kazini. Daktari aliwaambia kwamba kuna watu wanaoishi na unga wa mbao mpaka uzee wao, na kuna watu ambao vifua vyao vinaukataa, na wa mvule ndio mbaya kuliko wote. Agapiti alikuwa wa hao wa pili. Akiendelea, pumzi itazidi kufupika, na itafika siku pumzi hiyo haitarudi. Mwalimu alisema amemsihi aache. Alisema amefundisha vijana wengi, na huyu ndiye aliyekuwa na mkono mzuri kuliko wote. Aliposema hivyo akatazama pembeni.

"Naomba uniitie," Sayi alisema.

Agapiti alipotoka mara ya pili, alimkuta amesimama palepale kwenye mbao, amekikumbatia kibuyu. Hakuhitaji kuuliza amejua nini. Uso wa Sayi ulikuwa wazi kabisa.

"Tangu lini?" Sayi aliuliza.

"Tangu masika."

"Na miezi yote hii nakuletea maziwa."

Agapiti akapangusa unga kwenye viganja vyake.

"Ulimuuliza daktari habari ya maziwa?"

"Nilimuuliza."

"Akasemaje?"

"Sayi, acha tu."

"Akasemaje?"

"Alisema maziwa yanakwenda tumboni, na vumbi liko kwenye mapafu. Njia zao hazikutani." Alijaribu kutabasamu. "Alisema lakini ni mazuri kwa afya."

Sayi alikitazama kibuyu. Jumamosi zote zile. Alikuwa akiondoka hapa akiwa na amani, akivuka mto huku anajiambia kwamba amemsafisha, kwamba wiki imefutika, kwamba Jumatatu ataanza na kifua kipya. Alikuwa akimpa nguvu ya kurudi mahali palipokuwa pakimmaliza.

"Mbona uliendelea kunywa?"

"Kwa sababu ulikuwa unaleta."

Aliposikia hivyo, Sayi akakaa chini. Agapiti akachuchumaa mbele yake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo wakatazamana bila mmoja kuyakwepa macho ya mwingine. Sayi aliona ngozi chini ya macho yake imekuwa ya kijivu, aliona mishipa ya shingo, aliona vitu vyote ambavyo kumbe vilikuwepo. Aliinua mkono, akamfuta vumbi kwenye kope, jicho moja, kisha la pili. Hawakuwahi kugusana usoni mchana.

"Hayakuwa dawa yako," alisema. "Yalikuwa dawa yangu. Yalikuwa yananifanya nisikisikie kikohozi chako."

"Imebaki kidogo tu," Agapiti alisema. "Paneli za juu, kisha msasa, kisha bawaba. Nitafanya kidogo kidogo. Nikishausimamisha pale kwa baba, nimekwisha kukuoa. Baada ya hapo naacha."

"Huachi. Baba atakuwa amemwoza fundi. Atawaambia watu, mkwe wangu fundi. Atataka viti, kaka zangu watataka vitanda, na wewe huwezi kusema hapana. Nakujua."

"Basi mwambie ukweli. Mwambie naumwa."

"Nitamwambia, na atakuhurumia, baba ana huruma. Ila mtu haozi binti yake kwa huruma, Agapiti."

Agapiti akashusha sauti. "Twende Mofu. Leo. Mama atakupokea kwa mikono miwili."

Sayi alifumba macho. Aliona nyumba ile ya kando ya mto, ambayo hakuwahi kuifika ila alikuwa ameijenga kichwani kwa maneno ya Agapiti: nyavu zimeanikwa, mpunga umetandazwa kwenye jamvi, mama mwenye sauti nene anayemwita mwanangu. Ilikuwa karibu sana. Ilikuwa mwendo wa kusimama tu. Kisha akamwona mama yake mwenyewe, siku zile baada ya Herieth kuondoka, amekaa jikoni moto umezimika, hali wala hasemi. Na akamwona baba yake akiegemeza bati lile mlangoni kila jioni, kwa utaratibu, kama mtu anayefunga kitu kilichokwisha kuibwa.

"Mama hatavumilia mara ya pili," alisema.

Ndani ya banda walikuwa wameanza kufagia. Agapiti alinyoosha mkono achukue kibuyu.

"Lete basi, nimalizie."

Sayi akakivuta kibuyu kifuani kwake.

"Hapana."

"Sayi, lete."

"Hiki kinarudi hivihivi."

Agapiti alibaki na mkono hewani. Alikumbuka, Sayi aliona anavyokumbuka. Mkono ukashuka taratibu, ukaangukia gotini.

"Unanikataa?"

"Nakuaga." Machozi yalikuwa yanamtiririka, lakini sauti yake haikutetemeka, na mpaka leo hajui aliipata wapi. "Nikirudi Jumamosi ijayo nikakukuta hapa, nitajua hukunipenda hata siku moja. Ondoka kwenye vumbi. Nenda kwenu ukakae pale upepo unapopita."

"Na hizo pumzi nitazifanyia nini, bila wewe?"

"Utazivuta," Sayi alisema. "Moja baada ya nyingine. Mimi huku nitakuwa najua."

Alivuka mto kibuyu kikiwa na maziwa zaidi ya nusu. Mama yake alikipokea, akakitikisa, akasikia maziwa yakicheza ndani. Hakuuliza. Alimpisha binti yake apite, akaingia naye ndani, wakakaa gizani bila kuwasha taa.

*

Jumamosi iliyofuata Agapiti hakuwepo karakana, wala iliyofuata hiyo. Sayi aliendelea kupita na dumu la njano peke yake. Tadei na wenzake hawakumtania tena. Walimsalimu kwa heshima, kama mtu aliyefiwa.

Kisha, siku moja mchana, mkokoteni wa ng'ombe uliingia uwanjani kwa Mzee Mashimba. Tadei alikuwa amekaa mbele, na nyuma yake, umefunikwa magunia, ulilala mlango.

Mzee Mashimba aliwaita vijana wake wausimamishe ukutani. Alitoa magunia mwenyewe. Mvule ulikuwa umepakwa mafuta, ukawa na rangi ya asali ya nyuki wadogo, na jua lilipita juu yake kama maji. Mzee alipitisha kiganja chake juu, akakipitisha chini, akaichunguza miunganiko kwa ukucha, akitafuta mahali pa kuingiza lawama. Hakupata.

"Huyu kijana ana mikono," alisema hatimaye. "Yuko wapi mwenyewe?"

Tadei akajibu kwamba yuko kwao Mofu, na kwamba aliagiza mlango ufikishwe kwa sababu alikuwa ameuahidi.

"Amefanya vizuri. Ahadi ni ahadi." Mzee aligeuka, na Sayi, aliyekuwa amesimama karibu na zizi, aliona usoni mwa baba yake kitu ambacho hakukiona tangu Herieth aondoke. Ilikuwa furaha. "Sasa niambie, kijana. Nilisema aanze yeye, amalize yeye. Mlango huu ni kazi yake yote?"

Tadei akafungua mdomo. Alimtazama Sayi.

Sayi alielewa mara moja kwamba paneli za juu zilikuwa kazi ya Tadei. Agapiti hangemruhusu rafiki yake aseme uongo, lakini Agapiti hakuwepo, na Tadei alikuwa amekuja na uongo huo tayari, ameubeba njia nzima kama zawadi. Alikuwa akingoja ruhusa tu. Kuinamisha kichwa kungetosha. Neno moja la "ndiyo", na kesho mtu angetumwa Mofu, na Agapiti angekuja mbio, na kusingekuwa na ndama wa kutafuta wala mtu wa kupinga. Sayi alimwona akija. Alimwona kwa uwazi uliomuumiza. Kisha akamwona mwaka unaofuata, fundi mkwe wa Mzee Mashimba, ameinama juu ya vitanda vya kaka zake, anashika kingo za benchi, anatafuta hewa.

"Si yote, baba," Sayi alisema.

Vijana wote waligeuka. Tadei akainamisha kichwa.

"Paneli za chini na fremu ni za Agapiti. Za juu amezifanya huyu. Agapiti aliacha ufundi kabla hajamaliza."

"Aliacha?"

"Kifua chake kinaukataa unga wa mti. Daktari alimkataza. Mimi ndiye niliyemwambia aondoke."

Mzee Mashimba alimtazama binti yake kwa muda mrefu. Furaha ile iliondoka usoni polepole, na kilichobaki hakikuwa hasira.

"Ungeweza kunyamaza, ng'wanawane," alisema, na neno hilo la Kisukuma, mwanangu, alilitamka kwa upole sana.

"Ningenyamaza, angerudi kwenye vumbi."

Baba yake akatikisa kichwa juu na chini, mara kadhaa, kama anayekubaliana na mtu asiyeonekana. Alimwambia Tadei ashuke, ale, apumzike, kisha ausimamishe mlango, kwa kuwa mlango haukuwa na kosa. Alimwambia akionana na Agapiti amfikishie shukrani zake, na kwamba kuna maziwa hapa siku yoyote atakayopita. Alikuwa amekwisha kuanza kuondoka aliposimama, akasema bila kugeuka, "Lakini neno langu ni lilelile: aanze yeye, amalize yeye."

Tadei alifunga bawaba, akajaribu mlango mara mbili tatu, akaaga. Bati la zamani lilitupwa nyuma ya zizi.

Jioni ng'ombe waliporudi, mama alimwambia Sayi akafunge. Alikwenda. Mlango ulikuja kwa wepesi ambao hakuutegemea, ukaingia kwenye fremu bila kulia hata kidogo, na nyumba yao, kwa mara ya kwanza tangu wahamie bonde hili, ikawa imefungwa sawasawa. Alichuchumaa. Akaweka kiganja chake kwenye paneli ya chini, pale alipojua mkono mwingine ulipita mara nyingi, polepole, kwa pumzi za kuazima.

Harufu ya mvule ilikuwa bado mbichi. Sayi alivuta hewa kwa nguvu, akaivuta tena. Kifua chake kiliipokea yote, bila shida yoyote, na hilo ndilo lililomliza.